Zimwi ni nani hasa? Watoto wananiuliza na majibu yangu hayawatoshi

MamaNuru_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Nina swali naomba wajuzi wa hadithi za kale na wajuzi wa lugha mnisaidie, najua humu wapo.

Nakaa Mbagala Rangi Tatu, jumamosi jioni huwa nawasomea watoto hadithi hapa barazani, walianza wanangu tu ila sa hivi wanakuja mpaka wa majirani, mkeka unajaa. Sasa nimepata kitabu cha hadithi za kizungu, kuna ile ya paka aliyevaa mabuti anaenda kwa jamaa mmoja wa kutisha mwenye jumba na mashamba yake, huyo jamaa anaweza kujigeuza mnyama yeyote, anajigeuza simba, paka anamwambia simba sawa lakini kitu kidogo kama panya hapo huwezi, jamaa anajigeuza panya kuonyesha ubabe na paka anamla hapo hapo. Watoto waliipenda mno, walirukaruka.

Shida ni huyo jamaa kitabu kinamuita "ogre" na mi natafsiri papo kwa papo. Mara ya kwanza nikasema "jitu", watoto wakaelewa ni mtu mrefu mwenye misuli kama wale mabaunsa wa mlangoni kwenye kumbi, hawakuogopa kabisa. Nikabadilisha nikasema "zimwi", hapo wakanyamaza wote, alafu mmoja akauliza mama Nuru zimwi ni jini? Mwingine akasema kwenye redio wanasema zimwi la majeruhi limeikumba timu yetu, kwahiyo zimwi linacheza mpira? Nikajaribu kuwaelezea nikaona naenda kushoto kulia tu.

Na kesho yake mama mmoja jirani akaja kwa adabu kabisa akaniomba nisiwatajie watoto mazimwi maana ni mambo ya mashetani na mwanae ataota usiku. Sikutaka kumbishia, namheshimu, lakini mi nimekuzwa na hizo hadithi na naona ni mali yetu, sitaki ziishie kwangu. Kwahiyo naomba kujua, zimwi ni nani, tofauti yake na jitu na jini ni ipi, na ile methali ya zimwi likujualo inamaanisha nini hasa maana kila mtu anaitumia anavyotaka yeye. Asanteni.

Dogo_wa_Tandika

Dada mi sio mtaalam wa hadithi ila huku kitaa "jitu" halina uhusiano na hadithi tena, limeshakuwa neno la kumkaripia mtu. Mtu ana miaka arobaini anagombania siti na mwanafunzi kwenye daladala, konda anamwambia jitu zima huoni aibu. Jitu la miraba minne ni sifa, huyo ni pande la mtu, hata mama yako anaweza kusema mjomba wako alikuwa jitu la miraba minne. Lakini ukisikia "mijitu" hapo jua mtu ana hasira kweli, mijitu mingine haina huruma, mijitu inatupa taka kwenye mtaro alafu mvua ikinyesha tunaogelea wote. Ndo maana watoto hawakuogopa.

Zimwi sasa hata kwenye utani hatumuiti mtu hivyo kirahisi, hilo ukimuita mtu mtagombana.

BiMkubwa_Magomeni

Mwanangu mama Nuru, Mungu akubariki kwa kuwasomea watoto, siku hizi barazani tunakaa na simu tu. Mimi nimezaliwa Bagamoyo, nimeolewa hapa Magomeni nikiwa binti, na bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi wa ngano, usiku wa mbalamwezi anatukusanya watoto wa ukoo mzima, akisema "paukwa" sisi tunajibu "pakawa" mpaka jirani anasikia. Kwahiyo ninalokwambia nimelishiba kwake.

Zimwi si jitu tu la kimo kirefu. Jitu ni mtu aliyekuzwa, ni mtu ukamuongezea. Zimwi anaweza kuwa mkubwa, anaweza kuwa wa kawaida tu, bibi hakuwa anashughulika na kimo chake. Alichokuwa anakisema ni kwamba zimwi anakula watu. Basi. Akila watu ni zimwi hata kama amevaa kanzu safi. Na ndiyo hatari yake, maana katika hadithi nyingi zimwi anakuja kwa sura ya mtu, anasalimia, anakaribishwa, anakula pilau la watu, anaposa na anaozwa! Binti aliyekataa wachumba wote wa kijijini kwao kwa madaha anakuja kumkubali mgeni mzuri asiyejulikana kwao wapi, anafuatana nae, huko mbele ya safari ndipo anamuona ni nani.

Ngoja nikupe moja ya pwani hasa ambayo watoto wako wa Mbagala wataipenda kwasababu bahari wanaijua. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja akapata kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jiwe asije akalivunja, wakaendelea kuokota, wakati wa kurudi akalisahau. Wamefika njiani akakumbuka, akawaomba wenzake rudini nami, wakakataa, kila mmoja anasema sirudi. Akarudi peke yake huku anaimba kujipa moyo. Kufika, juu ya lile jiwe amekaa zimwi. Zimwi likamwambia wimbo wako mzuri lakini sikusikii vizuri, sogea. Akasogea. Sogea tena. Akasogea. Likamkamata likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi, likaanza kuzunguka vijijini. Kila kijiji likifika linasema nina ngoma yangu inaimba yenyewe, nipeni wali na kuku niwapigie. Likipiga, mtoto ndani anaimba, watu wanastaajabu, linakula linashiba linaondoka.

Sasa likafika kijiji cha wazazi wake bila kujua. Mama kusikia tu ile sauti moyo ukamruka, akamwambia mumewe ile sauti ya mwanetu. Hawakupiga kelele mwanangu, na hapa bibi alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, hawakupiga kelele wala hawakugombana nalo. Walilipikia chakula kingi likala likalala. Wakafungua ngoma wakamtoa mtoto, wakatia ndani nyoka na nyuki na siafu wakawamba tena kama ilivyokuwa. Asubuhi zimwi likaondoka, kijiji cha mbele likapiga ngoma, kimya. Likapiga tena, kimya. Likaona haya, likaenda pembeni kufungua limuadhibu mtoto, kufungua tu ndiyo ikawa mwisho wake.

Na wengine wanaendeleza kwamba pale lilipofia ukaota mboga, yakazaa maboga makubwa, watoto wanapita wanasema boga zuri hili tulikate, boga likakasirika likajing'oa likawafukuza. Maana zimwi hata likifa halimalizi. Hiyo sehemu ya boga tulikuwa tunaicheza asubuhi yake uwanjani, mmoja anakuwa boga.

Kiboko_Kimara

Bi mkubwa hapo kwenye "hawakupiga kelele" nimesisimka kweli. Endelea kutupa.

Nzengo_Buza

Mama Nuru mi Msukuma, nipo Buza mwaka wa ngapi sijui lakini nyumbani ni Usukumani, na huko kwetu zimwi lina jina lake kabisa. Linaitwa Shing'weng'we. Hili halikuvaa kanzu bi mkubwa, hili lilimeza kila kitu, watu wote, ng'ombe wote, mbuzi, kuku, kijiji kizima, dunia nzima ikawa tumboni kwake. Akabaki mama mmoja tu mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume anaitwa Masala Kulangwa, masala kwetu ni akili.

Mtoto akakua akauliza mama mbona tupo wawili tu, wenzetu wako wapi? Mama akamwambia wamemezwa na Shing'weng'we. Basi dogo akachukua silaha yake akaenda kulitafuta na wala halijui linafananaje. Akaua panzi akarudi anakimbia, mama mama nimeliua Shing'weng'we! Mama akamwambia hapana mwanangu huyo ni panzi. Siku nyingine ndege. Hapana mwanangu huyo ni ndege. Kila siku analeta kikubwa zaidi na kila siku mama anamwambia sio huyo, mpaka siku akakutana nalo lenyewe, akaliua, akapasua tumbo, wakaanza kutoka watu na ng'ombe mmoja mmoja hai kabisa.

Na kuna kitu babu yangu alikuwa haachi kukisema, wakati anapasua kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo tumboni, na yule bibi badala ya kushukuru akatoka amekasirika sana kwanini nimekatwa sikio. Mi nikiwa mdogo nilikuwa namchukia yule bibi. Sa hivi nimefanya kazi na watu, nimekuwa kiongozi wa kikundi, naelewa kabisa kwanini wazee walimuweka mule. Ukitoa watu tumboni mwa zimwi, wa kulalamikia sikio lazima awepo.

Kama unataka kuona utamaduni wetu ukifika Mwanza nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa.

MamaNuru_Mbagala

Jamani sikutegemea haya, nasoma huku naandika kwenye daftari. Bi mkubwa shikamoo, hadithi ya ngoma naisimulia jumamosi hii hii. Kaka Nzengo na wewe, ile ya panzi watoto wataimba na mimi "hapana mwanangu sio huyo".

Sasa swali moja bado, kwanini zimwi liitwe zimwi? Na huyo wa kizungu ni ndugu yake au nalazimisha tu?

Mwl_Kiswahili_Ubungo

Habari zenu. Nimefundisha Kiswahili sekondari muda mrefu kwahiyo ngoja nichangie upande wa neno, nitajitahidi isiwe darasa.

Zimwi ni mtoto wa ukoo mkubwa sana wa maneno ya Kibantu. Sikiliza: mzimu, mizimu, kuzimu, zimwi. Kuzimu ni waliko wafu. Mzimu ni roho ya marehemu wa ukoo, na sehemu nyingi za pwani na visiwani mzimu pia ni pale mahali penyewe pa kutambikia, pangoni au chini ya mti. Wagikuyu wana irimu, Wachagga wana irimu, Wazulu wanaita izimu na wengi wao amazimu. Kisotho ndio kinanishangaza zaidi, Modimo ni Mungu, badimo ni mizimu ya wahenga, na ledimo ni huyu huyu mla watu, yote yametoka shina moja. Kwahiyo kutoka pwani yetu mpaka kusini kabisa mwa bara hili watu walikuwa wanamtishia mtoto kwa jina lile lile.

Sasa mama Nuru shika hapa. Neno la kizungu ulilokutana nalo lilisambaa kwa hadithi alizozichapisha Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, na huyo paka wako mwenye mabuti yumo humo humo. Waitaliano wana "orco". Na wengi waliofuatilia asili ya maneno hayo wanayarudisha kwa Orcus, ambaye kwa Warumi wa kale alikuwa mungu wa kuzimu, na jina lake likawa pia jina la kuzimu kwenyewe. Yaani wazungu walimtoa mla watu wao kuzimu na sisi wa kwetu tumemtoa kuzimu, bila ya kuulizana. Kwahiyo hukulazimisha, "zimwi" ndio neno. Jitu linakupa kimo tu, linaacha kule alikotoka na anachokula.

Hata tabia zinafanana. Kwenye hadithi nyingine ya huyo huyo Perrault, ya mtoto mdogo kuliko ndugu zake wote aliyewaokoa ndugu zake sita, zimwi linaingia ndani linanusa linasema nasikia harufu ya nyama mbichi. Sisi zimwi letu linanusa harufu ya mtu. Na siku zote anayelishinda ni mdogo au aliyedharauliwa. Paka, kitindamimba, mtoto aliyezaliwa kwenye pumba.

Kaka Nzengo hujui umenifurahisha kiasi gani na ule mchezo wa "hapana mwanangu". Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London ngano alizoandikiwa na kusimuliwa na watu wa Zanzibar, na humo kuna hadithi ya sultani na paka wake. Paka alianza kula ndama wa sultani. Watu wakamshtaki, sultani akasema paka wangu, ndama wangu, mwacheni. Akala mbuzi. Paka wangu, mbuzi wangu. Akala ng'ombe, majibu ni yale yale. Akala watu mjini, watu wakalia, sultani hakufanya kitu. Mpaka alipowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo sultani akasema huyu sio paka tena, huyu ni nunda mla watu. Akatoka kitindamimba wake kwenda kumtafuta nunda, akaua mbwa akaleta kwa mama yake huku anaimba, mama akamwambia hapana mwanangu siye huyo. Akaleta ngawa, punda milia, twiga, kifaru, tembo, kila mara siye huyo, hadi akampata mwenyewe. Panzi wa Usukumani na mbwa wa Zanzibar wameshikana mikono namna hiyo, watu wamebebeana hadithi kwenye misafara tangu zamani.

Na mimi hiyo ya sultani naiona ndio kali kuliko zote kwasababu nunda hakutoka kuzimu wala porini. Alilelewa. Kila mtu alimuona anakua, na mwenye mamlaka ya kumzuia alikuwa anahesabu ni ndama wangu tu.

Dogo_wa_Tandika

Mwalimu hiyo ya mwisho ni ya mtaa mzima. Ndo maana magazeti wakiandika zimwi la rushwa, zimwi la madawa ya kulevya, mtu anaelewa bila kufafanuliwa. Hata yule mtoto wa redio kasikia sawa, zimwi la majeruhi, zimwi la sare, ni kitu kinakula wachezaji mmoja baada ya mwingine na timu haijui inakitoaje.

Mwl_Kiswahili_Ubungo

Haswa. Na angalia kitenzi chetu "kula" kinavyofanya kazi. Mtu kala rushwa, kala hela za mradi, kala mchango wa msiba. Hatusemi kaiba, tunasema kala. Ukishakuwa na lugha inayosema hivyo, zimwi linaingia kwenye habari za leo lenyewe bila kusukumwa. Kitu kimoja waandishi wanakosea kwa maoni yangu ni kuliita zimwi kila jambo baya. Mvua ikichelewa sio zimwi. Zimwi ni lazima liwe linameza watu.

Mama_Kikoba_Temeke

Nami niingie kwenye methali maana hiyo imenigusa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wanaitumia kumaanisha bora ubaki na mbaya unayemjua, kodi ikipanda usihame, mume akikutesa usiondoke, kiongozi akiwa mbovu mrudishe. Kwenye kikundi chetu mweka hazina alikula hela zetu za kuvunja mzunguko wa mwisho wa mwaka, tukakaa kikao tumtoe, akasimama mzee mmoja akatoa hiyo methali, zimwi likujualo jamani, mkileta mgeni atakula zote. Na wanawake wazima wakatikisa kichwa wakakubali! Amekula tena. Mi niliumia sana na bado naumia, kuna mama pale alikuwa anategemea ile hela kumpeleka mtoto shule. Naomba mwalimu uniambie kama wahenga kweli walituambia tukae tuliwe.

Mwl_Kiswahili_Ubungo

Pole sana mama. Tuisome ilivyo. "Halikuli likakwisha", hilo "likakwisha" ni likakumaliza. Yaani zimwi linalokujua halikuli mpaka likakumaliza, litakubakiza kidogo. Methali inaeleza hali, kwamba kujuana kunatia haya kidogo hata kwa mkatili, ndugu au jirani akikudhulumu kuna mahali atasita. Ndio maana mtu akipata kazi kupitia mjomba wake mnoko anasema hivyo. Haijasema "kwahiyo kaa nalo". Hayo wanaongeza wenye kufaidika. Na isitoshe methali yenyewe imeshamuita zimwi, imeshakiri kwamba anakula.

BiMkubwa_Magomeni

Mama Kikoba, bibi yangu aliisema methali hiyo siku moja tu niliyomsikia, siku mjomba alipouza shamba la wadogo zake akawaachia robo heka. Aliisema analia. Haikuwa nasaha. Wale wazazi wa mtoto wa ngoma zimwi lilikaa kwao likala wali wao, mbona hawakusema litatubakizia? Walimtoa mtoto wao. Na nyie fanyeni kikao kingine.

Ustaadh_Buguruni

Assalam alaykum. Nimesoma yote, niseme kuhusu yule jirani kwasababu ana haki yake ya kuogopa kwa ajili ya mwanae, asidharauliwe.

Majini ni jambo la imani. Qur'ani ina sura nzima, ya 72, yenye jina lao, na ndani yake wapo walioisikia Qur'ani wakaamini na wapo waliopotoka. Kwahiyo jini kwa Muislamu ni kiumbe, ana hesabu yake mbele ya Mola wake. Zimwi halimo humo. Zimwi ni la ngano, linaanzia "hapo zamani za kale" na linaishia pale hadithi inapoisha. Watu wa pwani wamechanganya kidogo maana hadithi nyingine zimwi linajigeuza, lakini mtoto akikuuliza mwambie wazi hapana zimwi sio jini, hakuna mtu anayepandisha zimwi kichwani wala mganga anayepunga zimwi. Hilo peke yake litamtuliza mama jirani.

Na kuna wengine ambao mimi nisingewasimulia watoto usiku. Mumiani kwa mfano, ambaye watu wamemuogopa kweli kweli, enzi za mkoloni huku Afrika Mashariki watu walikuwa wanakimbia magari ya wazimamoto wakiamini yanakamata watu wakatolewe damu. Au popobawa, mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walikuwa wanalala nje wamekusanyika usiku mzima, na kuna watu walipigwa wakishukiwa. Hao hawakuja na "paukwa". Hawana mwisho wa hadithi, mtoto akisikia anaenda kulala hajui kama limekufa au lipo mlangoni. Hiyo ndio inayomuotesha mtoto usiku. Zimwi la bi mkubwa limeshakufa kabla watoto hawajanyanyuka kwenye mkeka.

MamaNuru_Mbagala

Ustaadh waalaykum salaam, Mungu akulipe. Nitamwendea yule mama na nitamwambia hivyo hivyo ulivyosema, na nitamkaribisha aje akae nasi jumamosi asikie mwenyewe, ikibidi yeye ndo ajibu "pakawa". Nimeamua, kwenye kitabu cha paka litakuwa zimwi, na jitu nitalibakiza kwa wale warefu wa kwenye hadithi ambao hawali watu. Mwalimu naomba mwongozo kidogo, nikisema zimwi "alisema" au "lilisema"? Maana naona humu wote mnachanganya.

Mwl_Kiswahili_Ubungo

Yote yanasikika. Kanuni ya viumbe hai inakupa "zimwi alisema", lakini wasimulizi wengi wanapenda "lilisema", kama ilivyo kwenye methali yenyewe, "likujualo". Hilo li- linamkuza na linamtenga na watu. Bi mkubwa kafanya kitu kizuri sana sijui kama mmeona, zimwi lilipokuwa limejificha kwa sura ya mtu alisema "anaposa, anakaribishwa", alipofika kwenye jiwe likawa "likamkamata". Fanya hivyo hivyo, watoto watajua kwa sikio kabla hujawaambia.

Mangi_Sinza

Nimechelewa ila naona irimu wa Kichagga kapitiwa juujuu. Kwetu bibi alisimulia yule mchumba mzuri aliyekuja kuoa, kavaa vizuri, mpole, hali sana mbele za watu. Bibi harusi akaanza kuona kitu, mume kila saa anajishika kisogoni, na nzi wakija nyuma ya kichwa wanapotea. Usiku mume amelala akafunua nywele, akakuta mdomo mwingine kisogoni, una meno yake. Ule wa mbele ulikuwa wa kusalimia wageni, wa nyuma ndo wa kulia.

Hiyo nimeisikia kwa bibi wa Old Moshi na nimeisikia kwa jamaa wa kikuyu niliyesoma nae, karibu sawasawa. Naomba kuuliza huku pwani na kusini, Lindi, Mtwara, Ruvuma, mdomo wa kisogoni upo? Bi mkubwa bibi yako aliwahi kuusema?

BiMkubwa_Magomeni

Mdomo wa kisogoni sikuusikia kwa bibi. Lakini nina wifi yangu Mmakonde wa Newala, yuko Mtoni Kijichi, kesho naenda kumjulia hali nitamuuliza niandike hapa.